MUZIKI HAUISHI BILA WASIKILIZAJI

Ndugu msomaji, katika masomo yetu tumezoea kuzungumza habari za mbegu bora, maji safi na afya ya watoto. Leo tutazungumza habari za muziki. Usishangae. Muziki nao ni mali ya watu. Tena ni mali ya ajabu kidogo. Mahindi ukiyatumia yanakwisha. Muziki ukiutumia unazidi, na ukiacha kuutumia ndipo unapokwisha.

Somo letu linahusu muziki uitwao bluzi. Huu ni muziki wa watu weusi wa Marekani. Tutawatazama wapigaji wake, na pia tutawatazama wapenzi wake, yaani watu wanaokwenda kuusikiliza. Swali letu ni hili: muziki unaopigwa mbele ya watu huishi kwa nguvu ya nani? Wengi watajibu, kwa nguvu ya mpigaji. Jibu hilo ni nusu tu. Basi tufuatane polepole, tuitafute nusu ya pili.

Bluzi ilitoka wapi?

Kusini mwa Marekani liko jimbo la Mississippi. Kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo kuna bonde pana, tambarare, lenye udongo wa rutuba. Huko ndiko ilikolimwa pamba nyingi. Wenzetu wa mikoa ya pamba wanaijua kazi hiyo: palizi, kuchuma, kubeba, mgongo unauma. Kwa miaka mingi pamba ile ililimwa na watumwa, watu ambao wazee wao walichukuliwa Afrika kwa nguvu.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865. Lakini wengi wa walioachwa huru hawakupata ardhi. Basi walibaki kulima mashamba ya wengine kwa kugawana mazao. Mwenye shamba alitoa ardhi, mbegu na chakula cha mkopo. Mkulima alitoa jasho. Mwisho wa msimu walikaa kufanya hesabu, na daftari alilishika mwenye shamba. Sasa mkulima asiyejua kusoma angefanya nini? Mara nyingi aliambiwa kwamba bado anadaiwa, arudi shambani mwaka ujao. Sisi tuliokwisha kujifunza kusoma na kuhesabu tunaelewa vizuri hasara ile.

Katika maisha hayo ndimo bluzi ilimozaliwa, mwishoni mwa karne ya 19. Ndani yake mna nyimbo za kazi, mna sauti za kanisani, mna na michezo ya Jumamosi usiku. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la rangi ya buluu. Kwa Kiingereza, mtu akisema yeye ni buluu, maana yake ana huzuni. Lakini bluzi siyo kilio tu. Watu huimba shida ili shida ipungue uzito, na hapohapo wanacheka na kucheza.

Vyombo vyake havikuwa vya gharama. Gitaa, kinanda cha mdomo, na piano ikipatikana. Aliyekosa gitaa alipigilia waya kwenye ukuta wa nyumba ya mbao, akaupiga huku akiteleza na chupa juu yake. Wapigaji kadhaa wakubwa walianzia kwenye waya wa namna hiyo wakiwa watoto.

Wimbo wa bluzi hujengwaje?

Nyimbo nyingi za bluzi zina mistari mitatu katika kila ubeti. Mwimbaji anaimba mstari wa kwanza. Kisha anaurudia. Halafu anaimba mstari wa tatu unaojibu ile miwili. Hebu tutunge mfano wetu wenyewe:

Pamba nimevuna, deni liko palepale.
Pamba nimevuna, deni liko palepale.
Nikiuliza hesabu, naambiwa nenda kalale.

Umeona? Mstari wa kwanza unatoa habari. Wa pili unawapa watu nafasi ya kuifikiri. Wa tatu unafunga. Lakini kuna jambo jingine. Kila baada ya mstari panabaki nafasi kidogo. Nafasi hiyo haikuachwa bure. Hapo ndipo gitaa linapojibu. Na watu waliopo wakipendezwa, nao hujibu: mmoja anaitikia kwa sauti, mwingine anapiga makofi, mama mmoja anainuka kucheza.

Jambo hili siyo geni kwetu. Katika ngoma zetu nyingi yupo anayeanzisha na wapo wanaoitikia. Ngoma isiyo na waitikiaji hupoa. Bluzi ni hivyohivyo. Msikilizaji siyo mtazamaji tu, ni sehemu ya wimbo. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mpigaji ni kinga kimoja. Msikilizaji ni kinga cha pili. Na hiyo ndiyo nusu ya jibu tuliyokuwa tunaitafuta.

Santuri na kilabu

Mwaka 1920, mjini New York, mwanamke mweusi aitwaye Mamie Smith alirekodi wimbo wa bluzi. Santuri yake ilinunuliwa sana. Kampuni za santuri zikaanza kuwatafuta waimbaji weusi. Hilo lilikuwa jambo jema kwa upande mmoja, maana sauti za watu wengi zimehifadhiwa hadi leo. Kwa upande mwingine, wapigaji wengi walilipwa fedha kidogo mara moja, basi. Santuri zilipoendelea kuuzwa wao hawakupata kitu.

Tena santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu tu upande mmoja. Lakini katika kilabu cha kijijini wimbo ulikwenda kadiri wachezaji walivyotaka. Mpigaji akiona watu wamepamba moto, anaongeza beti. Akiona wamechoka, anapunguza. Santuri haioni watu. Na simu zetu za siku hizi, pamoja na nyimbo zake maelfu, nazo hazioni watu.

Vilabu vyenyewe vilikuwa vya kawaida kabisa. Vingine vilikuwa nyumba za mbao zenye bati. Palikuwa na samaki wa kukaanga, pombe, na watu waliochoka kwa kazi ya juma zima. Mpigaji mashuhuri B.B. King, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1925, alikuwa akipiga katika kilabu kimoja cha kijiji cha Twist, jimbo la Arkansas, mwaka 1949. Kulikuwa na baridi, wakawasha mafuta ya taa ndani ya pipa. Wanaume wawili wakapigana, pipa likaanguka, nyumba ikashika moto. King alitoka mbio, halafu akarudi ndani ya moto kuliokoa gitaa lake. Baadaye alisikia wale wawili walikuwa wanamgombea mwanamke aitwaye Lucille. Basi tangu hapo magitaa yake aliyaita Lucille, ili ajikumbushe asirudie upumbavu wa namna ile.

Bwana huyo hakuishi kwa santuri peke yake. Mwaka 1956 alifanya maonyesho 342. Yaani karibu kila usiku mji mwingine, watu wengine. Alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 89, na alikuwa amepiga mbele ya watu karibu hadi mwisho.

Wapenzi waliowatafuta wazee

Kuanzia mwaka 1929 hali ya uchumi wa dunia ilikuwa mbaya sana. Santuri zikakosa wanunuzi. Wapigaji wengi wa vijijini wakarudi shambani, wakasahauliwa. Halafu zikaja mashine za kuchuma pamba. Mwaka 1944, karibu na mji wa Clarksdale, shamba moja liliweza kulima na kuvuna pamba yake yote kwa mashine. Watu wakakosa kazi. Maelfu kwa maelfu walihamia miji ya kaskazini. Mmoja wao, dereva wa trekta aitwaye Muddy Waters, alikwenda Chicago mwaka 1943. Huko vilabu vilikuwa na kelele nyingi, akashika gitaa la umeme ili asikike. Bluzi ikapata sura mpya mjini. Lakini je, wale waliobaki vijijini?

Hapa ndipo wapenzi wa muziki walipofanya kazi kubwa. Kulikuwa na mkulima aitwaye John Hurt. Alirekodi nyimbo chache mwaka 1928, kisha akarudi kijijini. Miaka 35 baadaye kijana mmoja mpenzi wa bluzi alisikia santuri yake ya zamani. Katika wimbo mmoja Hurt alitaja kijiji chake, Avalon. Kijana akakitafuta kijiji hicho katika kitabu cha ramani za zamani, akafunga safari mwaka 1963, akamkuta mzee yu hai. John Hurt alipiga tena mbele ya maelfu ya watu mpaka alipofariki mwaka 1966.

Habari ya Son House inashangaza zaidi. Yeye alihamia mji wa Rochester, kaskazini, akaacha kabisa muziki. Vijana walipomkuta mwaka 1964 alikuwa amesahau nyimbo nyingi. Sasa wafanyeje? Kijana mmoja aitwaye Alan Wilson alikuwa amezisikiliza santuri zake kwa makini mpaka akajua kuzipiga. Basi kijana akakaa na mzee, akampigia nyimbo zake mwenyewe, na mzee akakumbuka. Mwaka uliofuata mzee akarekodi upya. Tazama jambo hilo! Siku zote mzee humfundisha kijana. Hapa msikilizaji alimrudishia mpigaji amana yake.

Kibanda cha Bentonia

Sasa tutazame mahali pamoja kwa karibu. Bentonia ni mji mdogo sana wa Mississippi, watu wake hawafiki elfu moja. Lakini una namna yake ya bluzi isiyofanana na nyingine. Nyuzi za gitaa hukazwa kwa namna ya pekee, sauti ikatoka ya huzuni, kama mtu anayeita kutoka mbali usiku.

Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Henry Stuckey. Inasimuliwa kwamba aliijua namna hiyo ya kukaza nyuzi alipokuwa askari Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, akiwaona askari wengine weusi wakipiga. Aliporudi akamfundisha kijana Skip James. Skip James alirekodi mwaka 1931, akasahauliwa, akapatikana tena mwaka 1964 akiwa amelala hospitali. Stuckey mwenyewe alifariki mwaka 1966. Hakuna santuri yake hata moja. Sauti yake hatuwezi kuisikia tena.

Lakini muziki wake upo! Umefikaje? Mwaka 1948 mume na mke, Carey na Mary Holmes, walifungua kibanda Bentonia kando ya reli. Kinaitwa Blue Front Cafe. Wafanyakazi wa pamba walikula hapo, wakanywa, wakasikiliza gitaa. Mtoto wao, Jimmy Holmes, aliyezaliwa mwaka 1947, alimsikia mzee Stuckey akipiga tangu yeye bado mdogo. Mwaka 1970 akakishika kibanda cha wazazi. Akajifunza kwa mkulima mwingine, Jack Owens, aliyeendelea kupiga bluzi ya Bentonia hadi alipofariki mwaka 1997. Kujifunza kwenyewe hakukuwa kwa kitabu. Kulikuwa kwa kukaa karibu: tazama vidole, sikiliza, jaribu, rudia.

Mwaka 1972 likaanza tamasha la muziki hapo Bentonia. Holmes alitoa santuri yake ya kwanza mwaka 2006, umri wake karibu miaka 60. Santuri yake ya mwaka 2019 ilipendekezwa kwa tuzo kubwa ya muziki ya Marekani. Wageni kutoka nchi za mbali wamefika katika kibanda kile, na wapo vijana waliokaa pale wakajifunza.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hili. Stuckey hakuacha santuri, lakini aliacha watu. Na watu hao walikuwa na mahali pa kukutana. Bila mlango ule kando ya reli, tusingekuwa na somo hili.

Mlango ukifungwa

Siyo kila mahali palikuwa na bahati hiyo. Karibu na mji wa Merigold, katikati ya mashamba, kulikuwa na kilabu kilichojulikana kwa jina la Po' Monkey's. Mwenyewe, Willie Seaberry, alikuwa mfanyakazi wa shamba na alikiendesha katika nyumba yake tangu miaka ya 1960. Watu walikuja kutoka kila upande. Mwaka 2009 jimbo liliweka kibao cha kumbukumbu mbele ya nyumba hiyo. Seaberry alifariki mwaka 2016. Kilabu kikafungwa. Mwaka 2018 vitu vyake vilipigwa mnada. Kibao kilibaki, ngoma ikaondoka.

Tusikosee, kibao ni kitu kizuri. Kinamwambia mtoto kwamba hapa palikuwa na watu wa maana. Lakini kibao hakiimbi. Kinachouweka muziki hai ni mtu wa kupokea kijiti.

Wengine watatuambia: "Muziki wa wazee ukifa si ufe tu? Vijana wana wao." Sisi tunawajibu hivi. Muziki wa vijana haukuanguka kutoka mbinguni. Kundi la Uingereza linaloitwa Rolling Stones lilichukua jina lake kwenye wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Na vijana wenyewe hawaukatai muziki wa wazee wakifundishwa. Mjini Clarksdale kuna jumba la makumbusho ya bluzi lililoanzishwa mwaka 1979. Halikuishia kuweka magitaa kwenye kabati, lilianzisha pia madarasa ya watoto. Mtoto mmoja aliyesoma hapo, Christone Ingram, aliyezaliwa mwaka 1999, alipata tuzo kubwa ya muziki ya Marekani mwaka 2022. Samaki mkunje angali mbichi.

Kazi ya mpenzi wa muziki

Sasa tujumlishe. Mtu anayependa muziki wa mbele ya watu afanye nini? Kutokana na habari za bluzi tunapata mambo matano.

Kwanza, afike. Mapenzi ya nyumbani hayajazi ukumbi. Watu kumi wakisema "tutakwenda siku nyingine", mpigaji anapiga mbele ya viti.

Pili, alipe. Mpigaji anakula, anavaa, anasomesha watoto. Kiingilio siyo hasara, ni mbegu. Na anayerekodi wimbo wa mtu amwombe ruhusa, tena amlipe haki yake. Wazee wengi wa bluzi waliimba na kufa maskini huku wengine wakishiba kwa nyimbo zao.

Tatu, asikilize na aitikie. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa mpigaji wa muziki mara nyingi ni kinyume: asiposifiwa ndipo anapokata tamaa na kuliacha gitaa.

Nne, awachukue vijana. Mtoto hawezi kupenda asichowahi kukisikia.

Tano, aulize mapema. Mzee akiwa hai, kaa naye, mtazame vidole, andika maneno ya nyimbo zake. Sisi tunaojua kuandika hatuna udhuru. Stuckey alikuwa na bahati ya kuwa na majirani waliomsikiliza. Wako wangapi waliokwenda na nyimbo zao kwa sababu hakuna aliyeuliza?

Bluzi ilikwisha kufika hata karibu na kwetu. Wazee watakumbuka mwaka 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipopigana Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Pigano lilikuwa tarehe 30 Oktoba. Mwezi mmoja kabla yake kulikuwa na tamasha la muziki la siku tatu mjini humo. B.B. King alikuwepo na Lucille wake, na Franco wa Zaire alikuwepo, na Miriam Makeba wa Afrika Kusini pia. Muziki uliotokana na watu waliochukuliwa kwa nguvu ulirudi Afrika kwa hiari, ukapokewa kwa makofi. Hayo yaliwezekana kwa sababu kila kizazi cha bluzi kilikuwa na wa kupiga na wa kusikiliza.

Maana ya maneno

Amana: kitu ulichowekewa ukitunze.
Kinga: kipande cha kuni chenye moto.
Kukaza nyuzi: kuzivuta au kuzilegeza nyuzi za gitaa zitoe sauti unazotaka.
Kupokea kijiti: kuendeleza kazi iliyoachwa na mwingine.
Santuri: sahani ya muziki iliyorekodiwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mkulima wa kugawana mazao alibaki na deni kila mwaka? Kujua kusoma kungemsaidiaje?
2. Eleza mistari mitatu ya ubeti wa bluzi. Tungeni ubeti mmoja juu ya kazi ya kijijini kwenu.
3. Stuckey hakuacha santuri, lakini muziki wake ulibaki. Po' Monkey's iliwekewa kibao, lakini ilifungwa. Tofauti yake ni nini?
4. Taja wapigaji au waimbaji wazee walio kijijini kwenu. Nani anajifunza kwao sasa hivi?
5. Mara ya mwisho ulikwenda lini kusikiliza muziki unaopigwa mbele ya watu? Ulilipa kiingilio? Ulimchukua kijana gani?